Walatvia na Haki ya Mwenye Jina

Jina ni mali ya ajabu. Mwenyewe ndiye mwenye kulimiliki, lakini wenye kulitumia ni watu wengine. Mtu hujiita mara chache, huitwa mara nyingi. Kwa hiyo jina laweza kuharibiwa katika vinywa vya jirani, kama shamba liwezavyo kuliwa na mifugo ilhali mwenyewe yu safarini. Jambo hilo likimpata mtu mmoja hupita kwa kicheko. Likilipata taifa zima hukaa vitabuni karne kwa karne, na anayelipinga huambiwa kwamba anagombana na kamusi.

Miongoni mwa mataifa yaliyopatwa na mkasa huu ni Walatvia, watu wa nchi ndogo iliyo kando ya Bahari ya Baltiki, baina ya Estonia na Lithuania, ambayo mji wake mkuu ni Riga. Kwa muda mrefu Waingereza waliwaita watu hao "Letts", na lugha yao wakaiita "Lettish". Katika Ensaiklopidia ya Britannica ya mwaka 1911 wamewekwa chini ya kichwa kimoja pamoja na Walithuania, kwa jina hilo hilo. Nchi yao ilipojitangaza kuwa dola huru tarehe 18 Novemba 1918, neno "Latvian" likaanza kushika mahali pa lile la zamani, na leo "Lettish" limewekwa katika safu ya maneno yaliyopitwa na wakati.

Walakini wapo wapenzi wa vitabu vya kale wanaolililia neno hilo. Husema kwamba ni fupi, ni la zamani, na lina ladha ambayo neno jipya halina. Husema pia kwamba asili ya maneno yote mawili ni moja, hivyo kulikataa moja na kulipokea jingine ni kuchagua baina ya mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu yule yule. Hoja zao hazikosi elimu. Zinakosa kitu kingine, nacho ni kuuliza jina limefika kwa njia ya nani.

Kweli, asili ni moja. Katika tarihi ya Henry wa Livonia, iliyoandikwa kwa Kilatini katika miaka ya 1220, latajwa kabila moja la upande wa mashariki kwa jina la Letti au Letigalli. Kabila hilo halikuwa Walatvia wote. Walikuwapo pia Wakuroni upande wa magharibi, Wasemigali na Waseloni upande wa kusini, na Walivi, ambao lugha yao ni ya ukoo mwingine kabisa, jamaa ya Kiestonia na Kifini. Makabila haya yalipochanganyika katika karne zilizofuata, jina la watu wa mashariki likaenea juu ya wengine. Wenyewe wakalitamka kwa namna yao, na Wajerumani kwa namna yao. Kutoka katika kinywa cha Mlatvia likatoka "latvietis"; kutoka katika kinywa cha Mjerumani likatoka "Lette". Waingereza hawakwenda kwa Mlatvia kumwuliza. Walilichukua neno kwa Mjerumani.

Na Mjerumani huyo alikuwa nani katika nchi ile? Hakuwa jirani tu. Alikuwa bwana. Riga ilianzishwa mwaka 1201 na Askofu Albert aliyetoka Ujerumani, na nyuma yake wakaja wapiganaji wa msalaba, wafanyabiashara, na wenye kugawiana ardhi. Utawala wa juu ulipokezanwa na wafalme wa Poland, wa Sweden na wa Urusi, lakini mashamba makubwa yalibaki mikononi mwa watu waliosema Kijerumani mpaka sheria ya ardhi ya mwaka 1920. Mkulima Mlatvia alifungwa katika ardhi ya bwana wake, akauzwa na kununuliwa pamoja nayo. Kifungo hicho kiliondolewa katika Kurland mwaka 1817, katika Livland mwaka 1819, na katika Latgale, iliyo upande wa mashariki, hapakuwa na uhuru mpaka mwaka 1861. Hata majina ya ukoo mkulima alipewa baada ya kufunguliwa, katika miaka ya 1820 na 1830, na mara nyingi aliyeshika kalamu alikuwa karani wa bwana au mchungaji wa kanisa. Watu waliokwisha kuandikiwa majina yao na wengine wana sababu ya kuwa wepesi wa kusikia jina linapotamkwa.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba kabla ya neno "Lettisch" kutulia, mabwana walikuwa na neno jingine lililokuwa baya zaidi. Waliwaita wenyeji "Undeutsch", maana yake wasio Wajerumani. Kitabu cha zaburi na nyimbo za kanisa kwa Kilatvia, kilichopigwa chapa Königsberg mwaka 1587, kilibeba neno hilo katika jina lake. Mtu aliitwa kwa kile asichokuwa, kama mtu amwitaye mgeni wake "asiye ndugu" kisha akamkaribisha chakula. Ukilinganisha na tusi hilo, "Lettisch" lilikuwa hatua ya adabu. Walakini hatua moja si mwisho wa safari.

Haki yataka wema wa wema utajwe. Wajerumani wengi walioiita lugha hiyo "Lettisch" waliipenda na kuitumikia kuliko wenyeji walivyoruhusiwa kuitumikia. Georg Mancelius alitoa kamusi mwaka 1638. Ernst Glück alitafsiri Biblia, na ikatoka yote mwaka 1694. Garlieb Merkel aliandika kitabu juu ya Walatvia, kilichotoka Leipzig mwaka 1796, akaufichua utumwa wa wakulima kwa ukali uliowaudhi mabwana, na jina la kitabu hicho laanza kwa neno "Die Letten". Basi neno lenyewe halina sumu. Ndimi zilizolitumia kwa dhuluma zilikuwako, na zilizolitumia kwa haki zilikuwako.

Lakini yupo shahidi mmoja ambaye wapenzi wa neno la kale hawamtaji. Gotthard Friedrich Stender alikuwa mchungaji wa ukoo wa Kijerumani. Aliandika sarufi ya Kilatvia mwaka 1761, kitabu cha elimu ya dunia kwa ajili ya wakulima mwaka 1774, na kamusi mwaka 1789. Kamusi hiyo aliiita "Lettisches Lexikon", kwa kuwa alikuwa akisema na Wajerumani kwa lugha yao. Alikufa mwaka 1796, akazikwa Sunākste. Juu ya jiwe la kaburi lake hapakuandikwa "Lette". Pameandikwa "Latwis", yaani Mlatvia, kwa neno la wenyewe. Kaburi la mpenzi mkubwa wa lugha hiyo lilijua tofauti ambayo wasomi wa baadaye wanasema haipo.

Tofauti hiyo iliwaka moto katika karne ya 19. Mlatvia aliyepata elimu wakati ule alitazamiwa kuwa Mjerumani. Kuvaa koti la mjini, kusoma chuoni na kubaki Mlatvia vilihesabiwa kuwa mambo yasiyopatana. Waliokubali sharti hilo walichekwa na wenzao kwa jina la "Wajerumani wa mierebi", kwa mti dhaifu uotao kando ya maji. Waswahili wana neno kwa watu kama hao: mkataa kwao mtumwa. Katika miaka ya 1850 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dorpat, mji uitwao leo Tartu, aliweka kadi juu ya mlango wa chumba chake. Mwanafunzi huyo alikuwa Krišjānis Valdemārs. Kadi ilieleza jina lake na masomo yake, kisha ikaongeza neno moja: "Latweetis", kwa tahajia ya siku zile. Leo kadi hiyo ingepitwa bila kutazamwa. Wakati ule ilikuwa kama mtu amesimama katikati ya baraza la mabwana akakataa kuinama. Na hakuandika "Lette", ingawa wote waliopita mlangoni pale walikijua Kijerumani.

Neno hilo la wenyewe halikuwa jipya. Gazeti la "Latviešu Avīzes" lilikuwa likitoka Jelgava tangu mwaka 1822. Jipya lilikuwa jina la nchi. Wananchi wa wakati wa Valdemārs ndio walioeneza neno "Latvija", wakaunganisha mikoa iliyokuwa imegawanywa na mipaka ya watawala, kabla ya kuwapo ramani yoyote yenye nchi ya jina hilo. Mwaka 1873 waliimba pamoja katika tamasha la kwanza la nyimbo mjini Riga. Krišjānis Barons akakusanya na kupanga nyimbo za kienyeji, na kazi yake, iliyotoka baina ya 1894 na 1915, ina maandiko 217,996. Watu wasiokuwa na dola walijijengea nyumba ya maneno, na juu ya mlango wakaandika jina lao.

Sasa yafaa kutazama jinsi neno "Lett" lilivyofika katika masikio ya Mwingereza wa kawaida. Halikufika kwa nyimbo hizo. Mwezi Desemba 1910 polisi watatu waliuawa katika mtaa wa Houndsditch, London, na tarehe 3 Januari 1911 nyumba moja ya Sidney Street ilizingirwa na polisi na askari, Winston Churchill, Waziri wa Mambo ya Ndani, akiwa papo hapo akitazama. Washukiwa walikuwa wakimbizi wa kimapinduzi waliotoka nchi za Baltiki, na magazeti yalijaa neno hilo. Miaka michache baadaye likarudi tena, likiwataja askari wa bunduki wa Kilatvia waliowalinda wakuu wa mapinduzi ya Urusi. Kwa Mwingereza wa wakati ule "Lett" alikuwa mtu wa kabila fulani katika dola kubwa ya Urusi, asiye na nchi, ambaye habari zake huletwa na bunduki. Neno lilibeba mzigo huo. Waliojitwalia dola mwaka 1918, wakapokewa katika Shirika la Mataifa mwaka 1921, walikuwa na haki ya kuutua.

Wakosoaji hujibu: mbona Wajerumani wasema "lettisch" mpaka leo, na Wafaransa "letton", wala Mlatvia hashtaki? Hoja hii ni nzuri, na yastahili jibu nzuri. Katika lugha hizo hapakuwa na neno jingine. Neno la zamani lilikua pamoja na taifa, likaitwa jina la jamhuri, likaandikwa katika mikataba, na wenyewe wakalikubali. Jānis Endzelīns, mwanachuoni mkuu wa Kilatvia, aliandika sarufi yake kubwa kwa Kijerumani na kuiita "Lettische Grammatik", akakiweka jina lake juu ya kitabu hicho pasi na haya. Katika Kiingereza mambo yalikuwa mengine. Nchi iliingia kwa jina la Latvia, na watu wakaingia kwa jina la nchi yao. Anayetaka kurudisha neno la zamani halindi urithi uliosimama. Anamnyang'anya mgeni kiti alichokwisha kukalishwa.

Hujibu tena: mbona Walatvia wenyewe huwaita wengine kwa majina ya ajabu? Urusi kwao ni "Krievija", kwa jina la Wakrivichi, kabila moja la kale lililokuwa jirani. Estonia ni "Igaunija", kwa jina la wilaya moja tu ya nchi hiyo. Nao Waswahili waliwaita Wajerumani "Wadachi", neno lililokaribia jina la wenyewe, hata likaingia katika utenzi mashuhuri wa vita vya Mrima, kisha likaachwa kwa ajili ya "Wajerumani", lililo mbali nalo. Hayo yote ni kweli. Walakini hakuna anayedai kwamba kila lugha ilazimike kutamka majina kama wenyewe. Dai ni dogo na ni la haki zaidi: lugha ikiwa na majina mawili ya watu, moja walilolichagua na moja walilopewa na waliokuwa mabwana zao, mwungwana hutumia walilolichagua.

Hoja ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa inahusu mambo ya leo. Husemwa kwamba "Latvian" lina maana mbili, mtu wa taifa la Kilatvia na raia wa nchi ya Latvia, na kwamba "Lett" lingesaidia kuzitenganisha. Uzito wa jambo hili wajulikana na kila anayejua historia. Mwaka 1935 Walatvia walikuwa kiasi cha robo tatu ya wakazi wa nchi yao. Kisha zikaja nyakati za kukaliwa kimabavu: na Urusi ya Kisovieti mwaka 1940, na Ujerumani mwaka 1941, na Urusi tena tangu 1944. Maelfu walipelekwa Siberia mwezi Juni 1941, na zaidi ya watu 40,000 mwezi Machi 1949, na wengine wengi wakahamishiwa nchini humo kutoka kwingine. Mwaka 1989 Walatvia walikuwa asilimia 52 tu. Baada ya uhuru kurudi mwaka 1991 swali la nani ni nani katika nchi lilikuwa swali la mkate na la kura. Mwaka 2012 wapiga kura waliulizwa kama Kirusi kiwe lugha ya pili ya taifa, na kiasi cha robo tatu yao wakakataa.

Ni kosa kudhani kwamba jeraha kama hilo litafungwa kwa kipande cha kamusi kuukuu. Mwenye kuwarudisha Walatvia katika jina la "Letts" na kuliacha "Latvian" liwe la raia wote, atakuwa amewafanya kabila miongoni mwa makabila katika nchi iliyobeba jina lao wenyewe. Jina walilolibuni, wakaliimba, wakalipelekea Siberia, litakuwa la kila mtu ila wao. Kilatvia chenyewe hakikupata shida hiyo: "latvietis" ni mmoja, na "Latvijas pilsonis", raia wa Latvia, ni mwingine, na mtu mmoja aweza kuwa wote wawili. Kiswahili nacho hutosheka na Mlatvia na raia wa Latvia. Kiingereza ni lugha tajiri. Haikosi maneno mawili ya kuweka pamoja.

Tena yafaa ikumbukwe jina hilo lilifanya kazi gani katika miaka ile ya giza. Marekani haikuukubali utekaji wa mwaka 1940, na ubalozi wa Latvia mjini Washington ulibaki wazi miaka yote mpaka uhuru uliporudi. Nchi haikuwako katika ramani nyingi, bendera yake ilikatazwa kwao, lakini jina liliendelea kuishi juu ya mlango mmoja wa ng'ambo, kama lilivyopata kuishi juu ya mlango wa mwanafunzi wa Dorpat. Jina lililolinda nchi isiyokuwako halistahili kubadilishwa kwa sababu jingine lina silabi chache.

Walakini anayedai haki hana budi kuitoa. Jina la Walatvia lilitoka kwa watu wa mashariki, wale wa Latgale. Watu hao wana maandishi yao ya kale na msemo wao, ambao zaidi ya watu 160,000 waliutaja kuwa lugha ya kila siku katika hesabu ya watu ya mwaka 2011. Tangu 1865 hata 1904 serikali ya Kaizari wa Urusi iliwakataza kuchapisha vitabu vyao kwa herufi za Kilatini. Sheria ya lugha ya Latvia ya mwaka 1999 hulinda maandishi yao kama namna ya kihistoria ya Kilatvia, na wengi wao huona heshima hiyo ni nusu ya haki. Walivi nao, waliopata kuipa nchi jina la Livonia, lugha yao ilimpoteza mwaka 2013 mzungumzaji wa mwisho aliyeinyonya pamoja na maziwa ya mama. Mlatvia amwambiaye Mwingereza, "Niite kwa jina langu," asikasirike Mlatgale akimwambia neno hilo hilo. Kipimo kiwe kimoja kwa mkubwa na kwa mdogo, ama sivyo si kipimo.

Kwa wenye kalamu za Kiswahili jambo hili lina faida iliyo karibu. Mfasiri akutanaye na "Lettish" katika kitabu cha zamani asizue lugha mpya ya "Kileti", akamfanya msomaji adhani kwamba kando ya Bahari ya Baltiki kuna mataifa mawili, moja lililokufa na moja lililozaliwa mwaka 1918. Mtunza maktaba naye asiiweke Biblia ya Glück katika rafu moja na nyimbo za Barons katika nyingine, kwa sababu tu vitabu vilivyozieleza vimetumia majina mawili. Lugha ni moja, watu ni wale wale, nao huitwa Walatvia, na lugha yao Kilatvia.

Neno "Lettish" lisifutwe katika vitabu vilivyoliandika, kwa kuwa kufuta ni kusema uongo juu ya wakati uliopita. Likae humo, msomaji alione, ajue ni nani waliowaita watu hao hivyo na kwa nini. Lakini katika kinywa cha mtu aliye hai lisirudi. Aliyeweka kadi yake juu ya mlango alikwisha kueleza anavyotaka kuitwa, na apitaye mlangoni hana kazi ila kuisoma.